Anayetembea Hana Kesi

Niliendesha pikipiki ya abiria hapa Bukavu kwa miaka saba kabla sijaanza kusomea kazi ya ambulansi, na katika miaka hiyo saba nilifundishwa kanuni moja tu ya kumhudumia aliyeumia. Abiria akianguka, msimamishe. Msimamishe haraka, polisi wa barabarani hajafika, kisha umtembeze hatua chache mbele za watu. Polisi akimkuta anatembea, anageuka anakwenda zake, nawe unabaki na pikipiki yako. "Anayetembea hana kesi," ndivyo tulivyoambiana pale parking, kituo chetu cha kungojea abiria, na kila motari mpya, dereva wa pikipiki, alipewa maneno hayo siku ileile aliyopewa fulana yake ya kazi.

Nakasirika ninapoandika haya. Nawakasirikia wenzangu wa parking na polisi pia, lakini wa kwanza kwenye orodha ni mimi mwenyewe.

Maman wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilimbeba asubuhi moja ya mvua, tairi la nyuma likateleza kwenye mteremko, tukalala chini sote wawili. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye aliangukia kisogo na mgongo, akabaki anatazama mawingu huku akiuliza daftari za wanafunzi wake ziko wapi. Wenzangu wakaja mbio. Wawili walimshika makwapani, mimi nikamshika kiuno, tukamwinua.

"Tembea, maman. Tembea kidogo tu, batu baone," nilimwambia kwa mdomo wangu huu huu.

Naye alikuwa mtu wa huruma, hakutaka mtoto wa mwenzake afungwe, kwa hiyo alitembea. Nilizihesabu hatua zake kwa furaha, mjinga mimi. Zilikuwa sita. Ya saba hakuifikia, miguu ikamwishia nguvu, akaketi kwenye matope, na tangu siku hiyo hajasimama tena.

Kwa muda mrefu tulisema ni kuanguka kulikomponza. Yeye alisema hivyo, jamaa zake walisema hivyo, na mimi niliyekuwa nikienda kwake kila Jumapili baada ya misa, kukisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka barazani apate jua, nilisema hivyo kuwazidi wote. Ajali ni ajali, haina kinga. Tulikunywa chai juu ya uongo huo, na sikujua kwamba ni uongo.

Nilijua darasani. Mwalimu wetu wa mafunzo ya ambulansi ni muuguzi wa miaka mingi, mama mfupi asiyejua kunong'ona. Siku ya somo la shingo alisimama mbele yetu, mikono kiunoni.

"Mutu akianguka, hesabu kama shingo yake imevunjika mpaka siku daktari atakuambia hapana," alisema. "Mufupa unaweza kuvunjika na uzi wa ndani, wenye unatembeza miguu, ukabakia muzima. Ule mwenye anamusimamisha, ndiye anaukata ule uzi. Munasikia? Si pikipiki. Si barabara. Ni ule mwenye huruma!"

Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilisimama. Baada ya somo nilimfuata nikamuuliza, bila kusema ni habari za nani, kama mtu aliyekatika uzi huo kwa kuanguka anaweza kutembea hatua sita.

"Siwezi kuapa, sikuwako," akasema. "Lakini kama alitembea, basi miguu ilikuwa ingali yake."

Nilitoka nje nikaupiga teke ukuta wa choo mpaka kiatu kikapasuka. Jambo lenyewe ni dogo kiasi hicho! Halitaki dawa wala mashine. Motari tuliitwa mikutano isiyo na idadi: mikutano ya kofia, mikutano ya fulana, ya namba za pikipiki, ya kupokea wakubwa barabarani na matawi mikononi. Mapadri walitunyunyizia maji ya baraka, sisi na pikipiki zetu. Katika watu wote hao hakupatikana hata mmoja wa kutuambia kwamba aliyeanguka aachwe alale.

Wala hapo shuleni tusijisifu. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne kwa minerve moja, ile kola ngumu inayozuia shingo isitikisike. Ilikaa kabatini kwa mkurugenzi, ndani ya nailoni yake, isije ikachafuka kabla wageni hawajaiona. Tulijifunza kuivalisha kwa macho.

Maman wa pili alianguka Nyawera, yapata saa nne asubuhi. Mimi na mwanafunzi mwenzangu tulikuwa tunapita sokoni kwa miguu kwenda hospitali, zamu yetu ya mazoezi. Mbeba mizigo mmoja alivuka na gunia la makaa kichwani, pikipiki ikamkwepa, na abiria wake, mama wa makamo aliyetoka kununua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akarushwa nyuma. Samaki walitapakaa lami yote. Kabla sijavuka barabara, mikono minne ilikwisha kumwingia makwapani, na sauti niliyoijua vizuri ilikuwa inaimba wimbo wetu: "Simama, maman! Tembea kidogo!"

Nilimsukuma mmoja, nikamkanyaga mwingine. Nilipiga magoti kichwani pake, nikaegemeza viwiko juu ya mapaja yangu, nikakishika kichwa chake kwa viganja viwili kama tulivyofundishwa.

"Maman, usigeuze kichwa. Utanijibu na mudomo tu. Vidole unavisikia?"

"Navisikia, mwana wangu. Lakini mikono yote inaniwasha sawa pilipili."

Kuwashwa huko, tulifundishwa, ni dalili ya shingo iliyoumia. Nilimwambia mwenzangu apige simu ambulansi ije, kisha akimbie shuleni, si mbali, alete minerve.

Mwenye ile sauti alikuwa prezida wa parking, yeye aliyenivalisha fulana yangu ya kwanza. Aliinama akanitambua.

"Kumbe ni weye? Ulikuwa wetu, na leo unatuuzisha kwa polisi? Uone uyu mutoto! Batamufunga!"

Kijana aliyekuwa anaendesha alisimama pembeni, mdomo unamvuja damu, macho kwenye njia anakotokea polisi. Nilimhurumia, nami najua kungoja kule. Kisha polisi akafika, akauliza swali lake moja la siku zote.

"Anatembea?"

Hakuuliza kama anapumua, wala kama anaumia. Anatembea? Basi. Na yule mama akalisikia.

"Niko muzuri, papa polisi," akasema. "Mwana wangu, niache nisimame. Basimufunge mutoto wa batu."

Nilisikia shingo yake ikianza kujikaza chini ya viganja vyangu, anataka kujiinua. Huruma ileile! Nilitaka kulia kwa hasira, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi, nilitumia mdomo.

"Prezida! Ule mwalimu wa kwenye mteremko, unamukumbuka? Weye ulimushika makwapa, miye nikamushika kiuno. Alitembea hatua sita! Miguu yake ilikuwa mizima! Si pikipiki ilimuvunja, ni siye! Kama munatafuta mutu wa kufunga, munifunge miye, lakini uyu maman asisimame!"

Sikuwahi kuyasema hayo kwa sauti, hata nikiwa peke yangu. Prezida aliitazama mikono yake. Kisha akageuka, akawarudisha watu nyuma kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika, akarudi akapiga magoti kando yangu.

"Haya," akasema. "Uniambie nishike wapi."

Mwenzangu alirudi anahema, mikono mitupu. Mkurugenzi ametoka na ufunguo uko mfukoni mwake, na karani amesema vifaa vya shule havitoki bila barua yenye saini. Barua! Shingo ya mtu imelala barabarani, inangoja barua! Mama wawili wa sokoni walifungua vitenge vyao vya juu, tukavikunja vikawa vigumu, tukavibana huku na huku ya kichwa. Ambulansi ilipojinasua kutoka kwenye msongamano, nilihesabu moja, mbili, tatu, na wanaume sita, akiwemo prezida na hata polisi mwenyewe, wakamgeuza kwa pamoja, wakamlaza kwenye machela. Kichwa chake sikukiachia mpaka hospitali.

Mifupa miwili ya shingo ilikuwa imevunjika. Uzi wa ndani, daktari alisema, haukuguswa. Nilimwona yule mama akivichezesha vidole vya miguu chini ya shuka, nikatoka nje upesi, maana machozi hayana adabu.

Mtu angedhani nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo, mpaka nilipopata habari za yule kijana. Alilazwa kasho, mahabusu ya polisi, siku tatu kwa sababu abiria wake hakutembea. Angemtembeza, akampoozesha, angelala nyumbani kwake na pikipiki yake uani. Ndiyo sheria yetu ya barabarani, na mpaka leo hakuna aliyeifuta.

Jumapili nilikwenda kwa maman wa kwanza. Nilikisukuma kiti mpaka barazani, chai ikaletwa, sikuinywa. Nilimweleza habari za Nyawera tangu mwanzo. Halafu nikamwambia lile lililobaki: kwamba siku yetu ile, alipokuwa amelala chini anauliza daftari zake, miguu yake ilikuwa ingali yake, na kwamba mimi ndiye niliyesema atembee.

Nilingoja anifukuze, na ningekwenda.

"Nionyeshe vile munashika," akasema hatimaye.

Nilipita nyuma ya kiti, nikaweka viganja vyangu masikioni mwake, vidole chini ya taya, nikakituliza kichwa chake. Nywele zake zimekuwa nyeupe.

"Namna hii tu?"

"Namna hii tu, maman."

"Hakuna mashini?"

"Hakuna."

Hakuitoa mikono yangu.

"Basi ilitakiwa mikono tu," akasema. "Na siku ile mikono ilikuwa mingi."