Haja Kubwa ya Mjomba Dominiko

Dominiko Kobero alijulikana kwa kula. Kijijini kwake, juu ya Mlali, kule ambako kabichi hulimwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huipita kwa tahadhari, kila mtu alikuwa na sifa yake. Huyu alipiga ngoma, yule aliamua ugomvi wa mipaka, Dominiko alikula. Harusini alitengewa sinia lake peke yake, na wenyeji waliona fahari akilimaliza. Nyama ya nguruwe ndiyo hasa iliyomtoa machozi ya furaha. Pamoja na yote hayo alikuwa mwembamba kama fito. Mwenyewe alisema ni baraka ya ukoo.

Dada yake, Agnes, alikuwa na binti aitwaye Neema, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo mjomba ndiye mwenye neno. Mwaka ule Neema alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana mjini Morogoro. Hakuna msichana wa kijiji kile aliyewahi kufika huko. Dominiko alizunguka akipokea pongezi kana kwamba mtihani ameufanya yeye.

Maelekezo ya shule yalitaka ndoo, jembe, shuka na sare, kisha yakaongeza kwamba mwanafunzi hatapokelewa asipopimwa na daktari damu, mkojo, choo na kifua. Dominiko aliona ni utovu wa adabu. Msichana anapanda mlima na gunia la viazi kichwani bila kuhema, sasa wanataka choo chake cha nini? Mwalimu wa kijijini akamjibu kwamba bweni moja hulala wasichana wengi, na minyoo haina adabu.

Dominiko na Neema wakashuka na lori la kabichi, siku moja kabla shule haijafunga mapokezi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa milango. Mjini mitumba ilikuwa imetapakaa hadi mlangoni pa msikiti, na zahanati za watu binafsi zilichipua kama uyoga. Kwa kuwa foleni ya wanafunzi katika hospitali ya serikali ilikuwa imefika getini, Dominiko alimpeleka Neema kwenye zahanati mpya ya mwanamama mmoja, Daktari Shamsia. Kifua kilisikilizwa, damu ikatolewa, mkojo ukapatikana. Kisha mpimaji wa maabara, Mwinshehe, kijana mpole wa Kingolwira, akampa Neema kiberiti kitupu na kumweleza kwa lugha ya stara kwamba sasa inahitajika haja kubwa.

Haikupatikana. Neema alikuwa ametapika kwenye kila kona ya ile barabara, na tumboni hakuna kilichobaki. Aliingia msalani, akakaa, akatoka na kiberiti kikiwa kitupu vilevile. Daktari alikuwa anakaribia kufunga.

Dominiko, kwa upande wake, hakuwa na shida hiyo. Lori liliposimama Mlali alishuka akala kitimoto, nguruwe wa kukaanga, kwa ndizi, sahani ya pili akaifunga kwenye gazeti. Akamnong'oneza mpwawe kwamba ukoo ni mmoja, kwa hiyo tumbo nalo ni moja, na kwamba mavi hayaandikwi jina. Akakichukua kiberiti. Hakukawia. Aliporudi, kiberiti kilikuwa kimejaa hata hakifungiki, na Mwinshehe alikipokea kwa ncha za vidole akitazama pembeni.

Baada ya muda Daktari Shamsia aliwaita ndani. Alimuuliza Neema kama anakula sana, kama anakonda, kama anapenda nguruwe. Neema, ambaye tangu utotoni harufu ya nguruwe ilimfukuza jikoni, alisema hapana kwa yote. Daktari akaeleza kwamba kipimo kimeonyesha tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni, tena si wa juzi. Hawezi kuweka sahihi mpaka binti atibiwe na kupimwa upya, na hilo litachukua wiki kadhaa. Kwa maneno mengine, shule imekwisha.

Hapo Dominiko, badala ya kunyamaza, akaanza kusaidia. Akasema watoto wa siku hizi ni wasiri, huenda binti anakula nguruwe kwa kujificha. Neema akamgeukia daktari. Alikuwa amelelewa kutomkatiza mkubwa, lakini shule aliitaka zaidi.

"Daktari, samahani," akasema. "Kile choo si changu. Ni cha mjomba."

Nyuma ya mlango Mwinshehe alipatwa na kikohozi. Dominiko akaisoma kalenda ya ukutani kwa makini sana, mtu asiyejua kusoma vizuri.

Daktari hakucheka. "Mzee," akamwambia, "miaka yote hiyo umekuwa ukila na mgeni."

Neema akaagizwa anywe uji, ale papai, atembee, arudi asubuhi. Walilala Kilakala kwa binamu yao Bartholomeo, ambaye mkewe alimjaza binti uji mpaka akaomba huruma. Asubuhi mambo yalikwenda yenyewe. Choo kilikuwa safi, sahihi ikawekwa, na kabla ya saa sita mchana Neema alikuwa bwenini akitandika kitanda.

Dominiko alirudi mlimani na vidonge vikubwa vya kutafuna. Alivitafuna asubuhi tumbo likiwa tupu, akaenda migombani. Kilichotoka kilichukua muda kutoka. Alimwita mkewe Juliana aje kuona. Juliana akakataa, akaja, akajuta.

Baadaye alipungukiwa na hamu ya kula. Kwenye harusi iliyofuata aliliacha sinia katikati, na baba wa bwana harusi akauliza kwa wasiwasi kama kuna aliyemkosea. Dominiko alimwambia mkewe kwamba anajisikia kama nyumba iliyohamwa. Lililomuuma zaidi ni maneno ya daktari kwamba tegu hutokana na nguruwe wanaozurura na kula uchafu wa watu mashambani. Nguruwe wale walikuwa wake. Uchafu nao, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wake.

Akajenga banda, akawafungia. Akachimba choo kirefu. Kisha kwenye kikao cha wazazi akapendekeza mtoto yeyote asiandikishwe darasa la kwanza bila kupimwa, wala mzazi asisikilizwe kikaoni kama hana choo nyumbani. Jirani yake Bonifasi akauliza kwa kejeli ni nani atakayewapima wakubwa. Dominiko akasimama akasimulia kila kitu, kiberiti na vyote, akionyesha urefu wa tegu kwa mikono mpaka mikono ikamwishia. Watu walicheka hadi wakashika matumbo, na waliposhika matumbo wakaanza kufikiri. Nesi alipopanda kutoka Mlali kuja kupima watu, foleni ilifika kanisani.

Choo kilipokamilika, Dominiko alimwomba Padre Mikaeli akibariki. Padre alisita; alishabariki nyumba, pikipiki, mbegu za maharage, lakini choo hakuwahi.

"Padre, mashine ya kusaga uliibariki," Dominiko akamkumbusha. "Hii nayo ni mashine, ila ya upande wa pili."

Padre akavaa stola yake shingoni. Neema, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alishika ndoo ya maji ya baraka, kwaya ikaimba, maji yakanyunyizwa ukutani na mlangoni. Kabla padre hajamaliza kukunja stola yake, Dominiko alishukuru, akaingia, akafunga mlango, na wanakwaya wakabaki nje wasijue kama waendelee kuimba au wanyamaze.