Siku Niliyochagua Mbio Mchanganyiko

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nishajicheka mpaka mbavu zikauma, ila siku yenyewe, wallahi, ningepata pahala pa kujificha pale hospitali ningejificha mpaka wajukuu wanisahau.

Goti langu la kulia mnalijua. Mwaka wa pili huu nnasali juu ya kiti, na mtu aliyezoea kuweka paji la uso kwenye mswala, kiti ni mtihani, kila nikiinama naona kama namwamkia mtu tu. Basi mjukuu wangu Shemsa (anasomesha chuo kikuu Al Khoudh, nimemlea mimi, akili kachukua kwangu) akanipeleka hospitali moja huko Azaiba, hapa hapa Maskati, nikaandikishwe kupasuliwa. Akanikalisha kwenye kiti cha magurudumu, akanambia, "Bibi, naegesha gari nakuja sasa hivi. Usiguse kitu."

Nikagusa.

Msichana wa mapokezi alinipa kibao cha kioo cha kujiandikishia, akaniuliza kwa Kiarabu nataka lugha gani, na mimi Kiarabu nakisema vizuri lakini kukisoma nje ya msahafu kinanitoa jasho, nikaona pameandikwa Kiswahili, roho ikafurahi, nikasema ngoja Shemsa arudi akute bibi yake kamaliza peke yake. (Darasa la nne nimefika, si haba.) Jina nikaweka, umri nikaweka, nikaupunguza kidogo, halafu kikaniuliza: MBIO YAKO NI GANI? Hivyo hivyo, Kiswahili kinachechemea kuliko mimi. Chini yake: mbio Mwarabu, mbio Mwafrika, mbio Mwasia, mbio mchanganyiko. Na usipochagua, hakisogei.

Nikaduwaa. Mimi na goti hili, mbio? Lakini nikamkumbuka jirani yangu wa Ansab, Bi Zuwena, kabla hajapasuliwa walimkimbiza juu ya mkanda wa mashine kutazama kama moyo utahimili. Kumbe ndo hii! Ila ya Kiarabu ndo ipi, na ya Kiafrika ndo ipi? Ya Kiafrika nikaiogopa, wale Wakenya nnawaona kwenye televisheni wanavyopaa. Ya Kiarabu sikuielewa kabisa, maana Waarabu wetu hapa Maskati sijamwona hata mmoja akikimbia, duka liko mkabala na mtu anapanda gari. Mchanganyiko nikaifahamu: nusu unatembea, nusu unakimbia. Nikabonyeza. Kikaandika: ASANTE, ENDELEA.

Nikaendelea.

Nikainuka, nikakusanya buibui mkononi, bismillahi, nikaanza ukumbini, kidogo natembea, kidogo nakimbia, goti linalia kama mlango mbovu, watu wananipisha, wengine wametoa simu, ndara moja ikaniruka ikatua mapajani kwa mzee wa watu kavaa dishdasha nyeupe pee. Nyuma nesi mmoja wa Kenya, Grace, anapiga kelele, "Shosho! Shosho, unaenda wapi?" (shosho kwao ndo bibi, mimi nikadhani ananihimiza), nikazidisha. Mwisho wa ukumbi mlango ukafunguka, akatoka daktari, tena ndiye wa magoti niliyemjia, nikamwangukia kifuani.

"Huyu ndiye anayetaka kupasuliwa?" akauliza. "Mbona ananishinda mimi kwa mbio?"

Hapo nikajua hanipasui tena. Nikauona mswala wangu unakwenda zake.

"Dokta, si nyinyi mlionambia nikimbie!"

"Nani kakwambia?"

"Kioo!"

Shemsa ndo anaingia, funguo mkononi, anamkuta bibi yake kifuani kwa mwanamme, mguu mmoja peku. "Bibi! Nilikwambia nini?"

Grace akakichukua kibao, akasoma kwa sauti mpaka pale nilipobonyeza, akajishika tumbo kwa kucheka. "Woi, shosho! Walikuwa wanauliza wewe ni mtu wa asili gani. Kwa Kizungu, asili na mbio ni neno moja, sasa mashine ikachukua lile lingine."

Nikawaambia, sasa jamani, kama mnataka asili yangu si mniulize mie mtu wa wapi? Ningewaambia nimekaa: babu mzaa baba wa Ibra, huku huku Omani, bibi mzaa mama wa Makunduchi, kule Unguja wakituita Wamanga, watu wa Arabuni, kuja huku tukawa Wazinjibari, watu wa Unguja, na mpaka leo sijui nani kati yao kapatia.

"Weka Mwarabu," akasema Shemsa.

"Na huyo bibi wa Makunduchi nimweke wapi?" Grace akauliza.

Yule mzee akaja na ndara yangu, kaishika kwa vidole viwili. "Mwachieni mchanganyiko," akasema. "Keshaikimbia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi chozi linanilenga, maana daktari bado hajasema kama ananipasua au hanipasui. Akanikalisha, akapandisha buibui kidogo, goti limeshavimba mfano wa balungi, akalibonyeza nikapiga ukelele uliofika barabarani. "Khalas," akasema, "huyu mwandikeni."

Nikaandikwa. Mchanganyiko, na goti lake.

Tangu siku hiyo nimeapa, kioo chochote kikiniuliza jambo sikijibu mpaka Shemsa awe ubavuni. Juzi wamenipigia simu hospitali, msichana ana sauti ya asali, ati yamebaki maswali mawili matatu kabla ya siku ya kupasuliwa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, ni ya kujibu nimekaa, au nivae viatu?"