Mrija wa Mwisho Mtungini

Baridi, mtunza mtungi wa kituo cha mifugo, alikuwa bingwa wa kupangusa. Usicheke; wapo waliozeeka bila ubingwa wowote. Jina alipewa na wenzake kwa kazi yake: kila Jumatatu aliongeza nitrojeni, maji ya baridi inayounguza kuliko moto, kwenye mtungi unaogandisha viinitete vya ng'ombe, mimba changa kabisa, ndani ya mirija myembamba kama njiti.

Ulibaki mrija mmoja, nao ulikuwa wake. Mkewe alifariki akaacha ng'ombe mwekundu. Kabla ng'ombe naye hajamfuata bibi yake, kituo kilivuna kwake viinitete saba. Sita viliyeyushwa, vikapandikizwa kwa ng'ombe wengine, havikushika.

"Mzee wangu, tukipandikize hicho cha mwisho," daktari wa mifugo, binti wa rika la wanawe walio mbali, hakuchoka kumwambia.

"Bado, daktari. Hakili, hakikohoi, hakimsumbui mtu. Haraka ya nini?"

Moyoni alijua. Kikiharibika nacho, asubuhi atamuuliza nani "umeamkaje", kama alivyouuliza mtungi kila siku? Nyumbani kwake kulikuwa na vikombe viwili na mnywaji mmoja.

Wiki hiyo shingo ya mtungi ikaanza kuota ukoga mweupe wa barafu. Baridi akaupangusa, kama mama anayemfuta mwana makamasi. Kesho yake tena. Na keshokutwa. Siku ya tano daktari akamkuta na kitambaa mkononi.

"Unafuta nini?"

"Kajasho tu."

"Jasho? Mzee, barafu ikitokea nje, mtungi umepasuka ndani! Tangu lini?"

Baridi akakikunja kitambaa, akakikunja tena. "Tangu Jumatatu. Nilitaka upendeze."

Kijiti cha kupimia kilionyesha nitrojeni ya vidole viwili. Mtungi mwingine ulikuwa safari ya siku mbili. Bahati haina adabu, huja bila hodi: zizini alikuwapo mtamba mmoja, siku ya saba tangu joto lake la kutaka dume, tumbo tayari kupokea mgeni.

"Leo au basi," daktari alisema.

Baridi akautoa mrija kwa koleo. Sekunde kumi hewani, thelathini kwenye maji vuguvugu. Alihesabu kwa sauti, akaishia kwenye ishirini na mbili. Daktari akamalizia, akakipandikiza kwa mtamba.

Miezi miwili akapita zizini kila alfajiri, bila kuthubutu kumsalimu mtamba.

Ndipo daktari akavaa glavu ya hadi begani, akampapasa mtamba kwa ndani. Baridi alikuwa ameshika mkia.

"Ana mimba, mzee!"

Baridi akacheka, akageuka ubavuni ili amwambie mtu. Palikuwa na ukuta. Alipogeuka tena, daktari alishaingia zizi la pili.

Akaenda stoo. Mtungi ulikuwa pembeni, mtupu, hauna baridi hata ya kumtisha mbu.

"Kimeshika," akauambia.

Kisha akachomoa kitambaa mfukoni, akaupangusa shingo, ingawa ilikuwa kavu.