Abee Iliyoharibu Picha ya Moyo Wangu

Nakumbuka siku moja ya utoto wangu kuliko zote, mwanangu, na si kwa utamu wake. Nyanya yangu, aliyenilea hapa Mjambere, aliniita kutoka jikoni. "Abee!" nikaitika mbio, kwani kwetu mtoto asiyeitika ni sawa na mbuzi. Akasema, "Nenda kwa jirani ukaniletee kifumbu cha kukamulia tui..." Hajamaliza, mie nishafika. Nikarudi nacho nikijiona bingwa. Kumbe alitaka kusema kipya, kwani kile cha zamani nilichopewa kimetoboka. Wageni wa posa ya shangazi yangu wakala wali uliojaa machicha. Nyanya akanitazama, akasema, "Ulimi wako una miguu, masikio yako yamelala."

Nikaapa nimekoma. Wapi! Mazoea yana taabu.

Mwaka jana miguu ilinivimba, na kutoka chumbani hadi mlangoni nikihema kama nimebeba gunia la soko la Kongowea. Daktari akasema moyo wangu umetanuka. Nikamuuliza, "Moyo mkubwa si ndio mzuri?" Akacheka.

Aliyenielewesha ni mjukuu wangu Zuhura, ambaye kazi yake ni kuendesha ile mashine ya eksirei inayozunguka kifua. "Nyanya, moyo ni kama kifumbu. Twapima chumba chake kikijaa chashika damu kiasi gani, na kikijikamua chabakisha kiasi gani." Hapo nikaelewa. Kifumbu kilicholegea hakitoi tui.

Nikameza vidonge miezi mingi. Kisha ikaja siku ya kipimo. Chumba kikiwa kimenywea, naendelea na vidonge. Kama hakijanywea, napasuliwa nitiwe kifaa kifuani. Nikalazwa, nikatiwa dawa ya picha mshipani, mwili wote ukafukuta kama nimeoga chai ya tangawizi. Zuhura akasema kutoka nyuma ya kioo, "Nyanya, vuta pumzi, izuie."

"Abee, mwanangu!"

Picha ikaharibika. Zuhura akaja amekunja uso. "Nyanya, ukisema kifua chatikisika, kingo za chumba hazionekani, kipimo chaongopa. Wataka upasuliwe kwa sababu ya abee?"

"Sasa nikiitwa ninyamaze? Nimekuwa mbuzi?"

"Leo kuwa mbuzi, Nyanya. Dawa hii siwezi kukutia tena na tena. Imebaki mara moja."

Wallahi nilimwona Nyanya yangu na kile kifumbu kilichotoboka. Zuhura akarudi nyuma ya kioo. "Vuta pumzi. Izuie." Abee ikapanda hadi kooni, nikaimeza nzima nzima. Nikafunga mdomo kama chaza.

Daktari akaja na majibu: chumba kimenywea, tena chakamua barabara. Kisu hakina kazi! Mtoto niliyemfuta kamasi kwa leso yangu ndiye aliyeupima moyo wangu, akaupima sawasawa. Akaniinamia, akasema, "Haya, Nyanya, sasa itika."

"Abeee!" Na vigelegele juu. Hospitali nzima ikageuka. Nigeukieni!

Mwanangu, itika uitwapo, usiache. Lakini ukishaitika, ngoja neno liishe. Na ukiambiwa nyamaza na anayeijua kazi yake, nyamaza, hata kama ni mjukuu wako. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mola akupe masikio yanayoutangulia ulimi, na moyo unaojaa na kukamua mpaka upimwe na wajukuu wako. Amin.