Bi Taratibu, fundi asiyekata mkanda asubuhi

Saa tatu asubuhi, na mteja wa kwanza wa siku anafukuzwa.

Ni karani wa benki, shati limenyooka, saa mpya inamcheza mkononi. Anataka mkanda wake wa mpira upunguzwe kabla hajaingia kazini. Fundi anamshika kifundo cha mkono, anakibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi, kisha anamwachia.

“Mkono huu umetoka kulala sasa hivi,” anamwambia. “Nenda kafanye kazi, upate joto. Rudi mchana.”

“Jamani mama, si mkono ni uleule?”

“Uleule wapi! Asubuhi umenywea, mchana umejaa. Nikikukatia sasa, ikifika saa nane utakuja hapa kunilaani.”

Karani anaondoka huku akitikisa kichwa. Atarudi. Karibu wote hurudi.

Wateja wanamwita Bi Taratibu, na wa kwanza kumpa jina hilo hakuwa anamsifu. Kibanda chake kina upana wa meza moja tu, kimebanwa kati ya duka la viatu na ngazi za jengo la ofisi. Juu ya meza pana taa ya shingo ndefu, kioo cha kukuzia, sahani ya bati yenye vipini vya springi vya kushikia mikanda, vyembamba kuliko punje ya mchele, na kisu chembamba ambacho mtu mwingine akikigusa anaitwa majina yote mabaya.

Betri hubadilishwa na kila fundi wa mtaa huu. Kilichomtofautisha mama huyu ni mikanda ya mpira, ile isiyo na matundu. Ncha zake mbili huingia kwenye kifungo cha chuma, na kwa ndani ina mistari midogo inayoonyesha pa kukatia. Ukiitazama, utadhani ni kazi ya mtoto mwenye mkasi. Wengi wamejaribu nyumbani, kisha wamemletea mkanda usiofika hata nusu ya mkono.

“Nguo ukikosea unaweka kiraka,” anasema. “Mpira ukishaukata, umeukata. Maji yakimwagika hayazoleki.”

Kwa hiyo hukata mstari mmoja tu, akautazama. Halafu mstari mmoja upande wa pili, ili kifungo kikae katikati chini ya mkono, kisiende kando. Kila akimaliza kukata hurudisha kifungo, humvalisha mwenye saa, na humwambia akunje ngumi. Mwisho humwonyesha ndoo ya maji iliyoko mlangoni, ainyanyue kwa mkono wenye saa. Wapita njia hudhani anauza maji.

“Ukinyanyua kitu kizito, mshipa unatuna. Hapo ndipo mkanda unasema kweli,” anaeleza. “Kidole changu kidogo kikipita chini yake, tumemaliza. Kisipopita, nimekunyonga. Vikipita viwili, nimekuvalisha bangili.”

Siku nzuri hupata mikanda mitano. Siku mbaya hupata mmoja, na huupa muda ule ule.

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mumewe. Alikuwa mwashi, na nyumba kadhaa za mtaa huu zimesimama kwa mkono wake. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Sasa kutwa nzima anaminya mpira mdogo kwa mkono ule, kama alivyoagizwa na daktari wa mazoezi: aminye, ashikilie mpaka mshale wa sekunde umalize mzunguko, aachie.

Shida ni kwamba saa aliyoivaa mkono huohuo haitulii. Mkewe aliikatia mkanda zamani, wakati mkono ule ulipokuwa kama mpini wa sururu. Leo umekonda. Kila akiminya, saa inageuka na uso wake unaangalia chini. Inambidi aache mazoezi, airudishe kwa mkono wa kulia, aanze upya. Miezi inapita. Akimwambia mkewe, jibu ni “kesho.”

Mchana karani anarudi, mkono umejaa joto. Anakatwa mstari, anakatwa mwingine, anabebeshwa ndoo. Kidole kidogo kinapita. Anafurahi hadi mdomo unamponyoka.

“Fundi, mbona saa ya mzee inamzunguka? Ndiyo yale ya kinyozi hajinyoi?”

Bi Taratibu anafuta kisu ambacho hakina uchafu. Karani anagundua amekanyaga pasipokanyagwa, anaanza kuomba radhi.

“Mwache, kasema kweli,” mume anaingilia. Maneno yake hutoka polepole siku hizi, lakini hutoka. “Mama watoto, nikatie leo.”

“Na mkono ukirudi?”

“Ukirudi tutajua la kufanya.”

“Nikishakata siwezi kuunga, baba. Unajua.”

“Najua. Nimelala na fundi miaka yote hii, nisijue?” Anacheka kwa upande mmoja wa uso. Kisha anaunyoosha mkono juu ya meza, kati ya taa na kisu. “Wewe unaupima mkono niliokuwa nao. Pima huu.”

Baadaye fundi atamweleza mwandishi wa habari hizi bila kuficha: “Niliogopa. Niliona nikiukata mkanda ule, ni kama nimetia sahihi kwamba mume wangu ndio basi.”

Anaivua saa. Anakata mstari mmoja, anautazama muda mrefu kuliko kawaida. Anakata upande wa pili. Anarudisha kifungo, anamvalisha, anapitisha kidole kidogo. Kinapita.

“Haya, ndoo,” anasema kwa mazoea, na hapo hapo anaziba mdomo kwa kiganja.

Lakini mwashi ameshainuka, ameshika meza, amefika mlangoni. Anainama. Vidole vya kushoto vinaushika mshikio wa ndoo kimoja kimoja. Anavuta. Ndoo hainyanyuki. Inaegemea upande mmoja, maji kidogo yanamwagika kwenye viatu vya karani, kisha inarudi chini.

Saa haikusogea. Uso wake unamtazama mwenyewe.

“Inakaa,” anatangaza, na anarudi kwenye kiti kuendelea kuminya mpira wake, macho kwenye mshale wa sekunde.

Bi Taratibu anafuta macho waziwazi, wala hasingizii vumbi. Kisha anafungua droo na kutoa mkanda wa aina ile ile, mpya, mrefu, bado umo kwenye karatasi yake. Aliununua wiki ile mumewe alipotoka hospitali, kwa pesa iliyokuwa ya kununulia kiti kipya cha kibanda. Hajawahi kuuonyesha kwa mtu.

“Huu hauuzwi,” anasema, na kuurudisha chini kabisa ya droo. “Ndoo ile ikinyanyuka, nitamvalisha huu. Na nitaupima mchana, mkono ukiwa umejaa.”