Selebriti Kwenye Kilio cha Gashonga

Haijanitoka akilini, mwanangu, siku tuliyokaa kwenye kilio cha baba yake Olivier kule Gashonga. Nilikuwa bado na magoti ya kupandia vilima.

Kilio chetu unakijua: majirani wanaacha mashamba na kuja kukaa na mfiwa kwenye mikeka, hata kama hawana la kusema. Kukaa kwenyewe ndiyo msaada. Mjane alikuwa katikati yetu, amejifunika kitenge mpaka usoni.

Mara pikipiki zikaingia zikipiga honi. Kumbe ni Olivier, mwimbaji, mtoto wa marehemu! Rafiki yake akapaza sauti: "Selebriti wetu amefika!" Weee, nilibaki mdomo wazi. Watu waliinuka, wakubwa kwa wadogo, wakakimbilia kupiga naye picha, naye anacheka nao, simu juu. Siku ya kumlilia baba yake! Mama yake akabaki mkekani na mimi tu.

Mzee Tharcise, aliyewahi kufundisha Kilatini seminarini, akamwendea Olivier, akamshika mkono.

"Mutoto yangu, hiyo neno selebriti, unajua inatoka wapi?"

"Ni Kiingereza, Mzee."

"Bangereza nabo balikamata mu Kilatini. Zamani haikukuwa jina ya muntu. Balikuwa banasema vile fasi yenye bantu benyi banakusanyika, ao siku kubwa ya ibada. Ndiyo ile padri anaselebre misa. Sasa leo, ni nani alitukusanya hapa?"

Olivier alizima simu, akaja kupiga magoti mbele ya mama yake na kumwita. Mama akafunua kitenge.

"Ni weye, Olivier? Unafika sasa?"

Mungu wangu! Zile kelele zote alidhani ni harusi inapita barabarani. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Sikukatazi kujulikana, mwanangu. Imba, upigwe picha, jina lako livuke mpaka Bukavu. Lakini ukikuta watu wamejaa mahali, uliza kwanza wamekuja kwa ajili ya nani, na huyo ndiye umwendee kabla ya wanaokushangilia. Mzazi wako asiwe wa mwisho kujua kwamba umefika. Mungu akupe jina jema, akutunzie wazazi wako, na siku ya machozi asikuache bila mtu wa kukaa nawe.