Bendi yangu ya thrash metal imeshinda leo

Amahoro ndugu zangu. Natangaza rasmi: bendi kubwa kuliko zote za muziki wa thrash metal ni ile ninayoishabikia mimi.

Aliyekubali ni rafiki yangu Selemani mwenyewe, leo asubuhi, kwangu, tukinywa chai.

Tunabishana tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, enzi za kaseti. Yeye na bendi yake ya kasi, mimi na yangu ya magitaa mazito. Hajawahi kulegea hata siku moja.

Leo ananiambia, "Mzee, ulisema kweli. Ya kwako iko juu."

Nikasimama kutikisa kichwa kama zamani. Nywele hamna, shingo ikakwama. Chekeni tu.

Ndipo akatoa karatasi. "Nisainie hapa, uwe shahidi."

Imeandikwa kwamba baba yake alimwachia yeye peke yake michikichi ya kwao kule Gatete. Dada yake Zaina hana hata mti mmoja.

Na mimi nilikuwepo baba yao alipowagawia wote wawili.

Nikasaini.

Mchana Zaina amenipigia analia. Nikamwambia sikuisoma, sikuwa na miwani.

Nitukaneni hapo chini, nimestahili.

Zaina, miwani nilikuwa nayo. Niliisoma yote. Niliogopa nikikataa, atalifuta neno lake kuhusu bendi.